NYUMBA YENYE MLANGO MMOJA

Ukitoka mjini Dar es Salaam kwa njia ya Pugu, ukaupita uwanja wa ndege na kufika Gongo la Mboto, utakuta huko makaburi ambayo si ya wenyeji wa mahali hapo. Yamepangwa kwa safu, na mawe yake yameandikwa kwa herufi za Kichina. Hapo wamelala Wachina zaidi ya 60, wahandisi, mafundi na wafanyakazi, ambao wengi wao walikufa katika miaka ya kujenga reli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Wakuu wa China wakiizuru Tanzania hufika hapo kuwakumbuka watu wao. Rais Hu Jintao alifika Februari 2009, na Rais Xi Jinping akafika Machi 2013.

Maelfu ya watu wa Gongo la Mboto hupanda daladala kila asubuhi kwenda kutafuta riziki mjini, na ni wachache wanaojiuliza wale waliolala pale walifuata nini. Jibu la haraka ni kwamba walikuja kujenga reli. Lakini Zambia ilikuwa na reli tayari, reli nzuri iliyofika mpaka bandarini. Basi kulikuwa na haja gani ya kutoboa milima na kuvuka mabonde kujenga nyingine, kwa gharama kubwa namna ile na kwa roho za watu?

Jibu la swali hilo ndilo somo letu. Zambia ilikuwa nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwa jirani. Kisa chake chatufaa sisi sote tunaonunua na kuuza, taifa kwa taifa na duka kwa duka, kwa kuwa chatuonyesha gharama ambayo haiandikwi kwenye gunia wala kwenye hati ya mzigo.

MALI NYINGI, NJIA MOJA

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, chini ya Rais Kenneth Kaunda. Haikuwa nchi maskini. Ilikuwa na shaba, na zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za fedha zake za kigeni zilitokana na shaba hiyo. Lakini shaba hailiwi wala haichomwi jikoni. Faida yake ni kuuzwa ng'ambo, na Zambia haina pwani.

Reli iliyoichukua shaba hiyo ilielekea kusini, ikapita Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, mpaka bandari za Msumbiji iliyotawaliwa na Wareno. Kwa reli iyo hiyo yaliingia mahitaji ya nchi. Makaa ya mawe ya kuendeshea migodi na kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, Rhodesia. Petroli na dizeli zilitoka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na Umtali, huko huko Rhodesia. Umeme ulitoka bwawa la Kariba, ambalo liko mpakani kati ya nchi mbili, lakini mitambo yote ya kuzalisha umeme ilijengwa ukingo wa kusini, upande wa Rhodesia.

Hebu hesabu, msomaji: njia ya kutolea mali, makaa ya mawe, mafuta na umeme. Mambo manne, na yote manne yako mkononi mwa jirani mmoja.

Wala tusiseme watu wa Zambia walikuwa wajinga. Mpango huo waliukuta. Kati ya mwaka 1953 na 1963 Waingereza walikuwa wameziunganisha nchi hizo pamoja na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, katika Shirikisho moja, na mengi ya maana yakajengwa kusini walikokaa walowezi wengi. Tena, kwa hesabu ya kawaida ya biashara, mpango ulikuwa mzuri. Njia ilikuwa fupi, makaa yalikuwa safi, na bei ilikuwa nafuu. Karani yeyote angelipiga hesabu hiyo angesema nunua hapa hapa. Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilipungukiwa na mstari mmoja. Haikutia ndani siku ya ugomvi.

SIKU YA UGOMVI

Siku hiyo ilifika mapema. Tarehe 11 Novemba 1965, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Zambia, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao huko Rhodesia ili wasije wakatawaliwa na Waafrika walio wengi. Mwezi uliofuata Uingereza ikaizuia Rhodesia kupata mafuta. Rhodesia nayo, ilipobanwa, ikakata mafuta yaliyokuwa yakienda Zambia.

Litazame jambo hili vizuri. Zambia haikuwa imevunja mkataba wowote wa biashara. Haikuchelewa kulipa deni. Adhabu iliyoelekezwa kwa mkosaji ilimpita mkosaji ikampiga jirani yake. Hili ndilo fundisho la kwanza. Mali yako yaweza kukatwa kwa ugomvi usiokuwa wako, ugomvi wa muuzaji wako na mtu wa tatu ambaye hukuwahi hata kumfikiria.

Mafuta nchini Zambia yakaanza kugawiwa kwa kipimo. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikapeleka mapipa ya mafuta kwa njia ya anga, na kila mtu ajua ndege nayo hunywa mafuta mengi njiani. Nchi ikageuza uso wake kaskazini, kuelekea Dar es Salaam. Malori yakapakia mapipa bandarini, yakashika njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, kisha yakaingia Zambia. Yaliporudi yalibeba shaba. Sehemu kubwa ya barabara hiyo haikuwa na lami. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi lisiloonyesha mbele, na wakati wa masika ilikuwa tope na utelezi wa kuangusha gari. Malori mengi yalipinduka na madereva wengi walipoteza maisha, hata njia ikaitwa Njia ya Jahanamu.

Kutoka hapo kazi ikafanywa kwa haraka. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lilijengwa na Wataliano na kufunguliwa Septemba 1968. Zambia ikachimba makaa yake yenyewe kusini mwa nchi, huko Nkandabwe na Maamba, ingawa makaa hayo yalikuwa na majivu mengi kuliko yale ya Wankie. Ikajenga mitambo ya umeme katika Korongo la Kafue, na baadaye ikajenga mitambo yake yenyewe ukingo wa kaskazini wa Kariba. Kila kimoja katika hivi kiligharimu zaidi ya kile kilichokuwapo zamani. Gharama ya siku ya ugomvi ilikuwa imekuja kudaiwa, tena pamoja na faida.

RELI NA MAKABURI

Mafuta yakapata bomba, lakini shaba haipiti katika bomba, wala mbolea, wala mashine, wala mahindi. Ilitakiwa reli.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi kwanza kwa mataifa ya Magharibi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kutoa maoni yake mwaka 1964 kwamba reli hiyo haingelipa, kwa kuwa ile ya kusini ilitosha. Hapa twaiona tena hesabu ile ile yenye mstari uliopungua. Reli ya kusini ilitosha kwa kubeba mizigo. Haikutosha kwa kuaminika.

Hatimaye China ikakubali. Mapatano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970 kwa mkopo usio na riba. Reli hiyo, tunayoiita TAZARA na wengine wakaiita Reli ya Uhuru, ina urefu wa kilomita 1,860. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako, ambako ililazimu kuchimba mahandaki milimani na kujenga madaraja juu ya mabonde marefu. Njia nzima ina madaraja zaidi ya 300. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi hiyo. Kazi ilimalizika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Baadhi ya waliokufa katika kazi hiyo ndio wale waliolala Gongo la Mboto, na tusiwasahau Waafrika waliokufa nao, ambao makaburi yao yametawanyika vijijini na hayazuriwi na marais.

Kabla reli haijaisha, mlango wa kusini ulifungwa kabisa. Januari 1973 serikali ya Smith ilifunga mpaka wake na Zambia, kwa hoja kwamba Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru. Ikasema shaba peke yake itaruhusiwa kupita, kwa maana shaba iliiletea Rhodesia nauli ya reli. Kaunda akakataa hata hiyo shaba isipite. Wiki chache baadaye Smith akatangaza kwamba mpaka sasa u wazi. Kaunda akauacha umefungwa upande wake. Alikwisha kuona kwamba mlango uliofungwa mara moja kwa hasira hufungwa tena.

Zambia ilikuwa na njia nyingine ya magharibi, reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito katika Angola. Agosti 1975 njia hiyo nayo ikafungwa kwa vita vya Angola. Reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika wakati ule ule. Lau isingekuwapo, sijui nchi ile ingepumulia wapi.

MLANGO MPYA NAO UNA BAWABA

Ingekuwa vizuri kumaliza hadithi hapa, tukapiga makofi. Lakini historia haiishii panapopendeza, na fundisho kubwa zaidi liko mbele.

Reli mpya ilipata shida zake. Vichwa vya treni vilivyokuja nayo vilikuwa na nguvu ndogo kwa ile milima, vikaharibika mapema, na vipuri vyake vilipatikana kwa shida. Mabehewa yalichelewa kurudi. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikujengwa kwa mizigo ya mataifa mengi, ikajaa mpaka meli zikawa zinangoja. Ilipofika mwaka 1978 mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa imelundikana Dar es Salaam na msimu wa kupanda umekaribia. Mkulima hawezi kuiambia mvua ingoje. Oktoba mwaka huo Rais Kaunda, pamoja na msimamo wake wote, akalazimika kuifungua tena njia ya kusini ili mbolea ipite. Mwaka uliofuata, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia wakaingia Zambia na kulivunja daraja la reli ya TAZARA juu ya mto Chambeshi, na mwezi wa Novemba mahindi yaliyokuwa yakienda Zambia kwa njia ya kusini yakazuiwa. Hivyo hatari zote mbili zikamkuta mtu yule yule katika majira mamoja: njia mpya imekatika, na njia ya zamani imefungwa.

Msomaji, usilielewe jambo hili vibaya. Sisemi TAZARA ilikuwa kosa. Bila ya TAZARA hali ingekuwa mbaya mara nyingi zaidi. Nisemalo ni kwamba hatari haifi kwa kuhama kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine, au kutoka njia hii kwenda ile. Huhama pamoja nawe. Ukitoka kwa jirani mbaya ukamwendea rafiki mwema, bado wategemea vipuri vya rafiki, bandari ya rafiki, na mvua inayobomoa njia ya rafiki. Dawa ni kuwa na milango zaidi ya mmoja, na kuijua vizuri bawaba ya kila mlango.

Wala Tanzania haikuwa na kinga ya mambo haya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Watu waliozoea kupata bidhaa za viwanda vya Kenya wakajikuta hawana. Huko Tanga tulikuwa na kiwanda cha mbolea, na watu wakaona kwamba kwa mbolea sasa tumejitegemea. Kumbe sehemu kubwa ya malighafi yake ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kiwanda kilikuwa chetu, lakini tumbo lake lililishwa na wengine, na fedha za kigeni zilipokuwa adimu kikadhoofu mpaka kikafungwa.

MASWALI MANNE

Tukivikusanya visa hivi twapata maswali manne ambayo yampasa kujiuliza kila anayetegemea mali ya nchi nyingine. Wala si maswali ya mawaziri peke yao. Mwenye duka la Gongo la Mboto naye yamhusu.

Swali la kwanza: mali hii yatoka wapi hasa? Mwenye mgahawa akiulizwa unga wa chapati ameutoa wapi, atasema Kariakoo. Lakini Kariakoo hailimwi ngano. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje. Ndiyo sababu vita vilivyoanza Ukraine Februari 2022 vilifika mpaka kwenye kikaango cha chapati, kwa kuwa Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea na mafuta. Mafuta ya magari yalipanda hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni mwaka huo ili kupunguza makali. Mtu wa Gongo la Mboto hakuwa na ugomvi na yeyote huko, kama vile mtu wa Ndola mwaka 1965 hakuwa na mafuta ya kugombania.

Swali la pili: yapita njia gani? Mali yaweza kuwa nyingi kwa muuzaji, na muuzaji akawa mwaminifu, lakini njia ikawa haipitiki. Kuanzia Novemba 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi kubwa zikaamua kuzunguka kusini kabisa mwa Afrika badala ya kupita Suez. Safari ikarefuka kwa siku nyingi, na nauli na bima zikapanda.

Swali la tatu: muuzaji ana shida gani nyumbani kwake, na ana ugomvi na nani? Aprili 2022 Indonesia, ambayo ni muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ilizuia mafuta hayo yasitoke kwa sababu bei ilikuwa imewashinda watu wake. Zuio lilidumu chini ya mwezi mmoja, lakini bei ilikwisha kutikisika. Mwaka 2021 India, iliyokuwa ikitengeneza chanjo za korona kwa nchi nyingi, ilisimamisha kuzipeleka nje ugonjwa ulipowaka kwake. Julai 2023 ikazuia mchele wa kawaida mweupe usiuzwe nje. Hatuwezi kusema walifanya ubaya. Kila mzazi hulisha watoto wake kwanza. Lakini anayenunua hana budi kulijua hilo mapema, kwamba siku ya dhiki yeye si mtoto wa nyumba ile.

Swali la nne: tuna akiba ya siku ngapi, na itatuchukua muda gani kupata mlango mwingine? Zambia ilihitaji karibu miaka mitatu kupata bomba na miaka kumi kupata reli. Akiba ya mafuta haikuweza kungoja hata miezi mitatu. Tofauti ya nambari hizo mbili, muda wa akiba na muda wa kupata njia nyingine, ndiyo kipimo cha hatari yako. Ikiwa una unga wa wiki moja na waweza kupata muuzaji mwingine kwa siku mbili, lala usingizi. Ikiwa una unga wa siku mbili na muuzaji mwingine atachukua mwezi, basi bei nafuu unayojivunia ni deni ambalo halijadaiwa.

Wako watakaosema: basi na tuache kununua kwa watu, tutengeneze kila kitu wenyewe. Hilo nalo si jawabu. Hakuna nchi inayojitosheleza kwa kila kitu, na anayejaribu hulipa bei kubwa kwa vitu vibaya. Kujitegemea maana yake si kujifungia. Maana yake ni kwamba akifunga mtu mmoja, nyumba haifi njaa.

ANAYESHIKA UFUNGUO

Mpaka hapa tumesema kama wanunuzi. Sasa na tugeuze uso, kwa sababu Tanzania nayo ni mlango wa wengine. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda hupita Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA, ambalo tangu 2023 linapeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa, bado linaanzia kwetu. Basi yale maswali manne wako watu Lusaka, Lubumbashi na Lilongwe wanaojiuliza juu yetu. Njia yao iko salama? Wenye ufunguo wana ugomvi na nani?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumu ya kuvu, na wakulima na wafanyabiashara wetu wakaonja uchungu wa kufungiwa mlango ghafla. Aprili 2025 ikawa zamu yetu. Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini yasiingie, kwa kulipiza mazao yetu yaliyozuiwa na nchi hizo. Siku chache baadaye zuio likaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Twaweza kubishana nani alianza. Lakini siku chache zatosha kumfundisha jirani kutafuta njia nyingine, na jirani akishaipata harudi kwa maneno matamu.

Liko tukio la zamani linalofaa kukumbukwa hapa. Thumama bin Uthal alikuwa mkuu wa Banu Hanifa katika Yamama, nchi iliyowalisha watu wa Makka nafaka. Aliposilimu, akawaambia Maquraishi kwamba hawatapata hata punje moja kutoka Yamama mpaka Mtume (s.a.w.) atoe idhini. Makka ikaona dhiki. Maquraishi walikuwa bado maadui, nao ndio waliokuwa wamewahi kuwazuilia Waislamu chakula katika bonde la Abu Talib. Lakini walipomwandikia Mtume kumkumbusha udugu, alimwandikia Thumama aiachie nafaka ipite. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na sababu ya kuutumia alikuwa nayo, naye akachagua kutowatesa watu kwa njaa.

Kwa kipimo hicho, miaka ya 1965 mpaka 1980 si miaka ya kuionea haya. Tanzania ilikuwa maskini, bandari yake ndogo na barabara yake mbovu, na bado ilimfungulia jirani. Ingeweza kumkamua kwa ushuru, maana mwenye kiu hauliziwi bei. Haikufanya hivyo, na heshima hiyo ilikuwa mtaji. Aprili 1980 nchi tisa za kusini mwa Afrika zilipokutana Lusaka kuanzisha SADCC, ili zipunguze kutegemea Afrika Kusini ya makaburu, Dar es Salaam ilikuwa moja ya milango waliyoitegemea.

Lakini mtaji huliwa ukaisha. Leo Zambia na Kongo hazina mlango mmoja. Reli ya Lobito inafufuliwa kwa msaada wa Marekani na Ulaya, na mizigo mingine hupita Beira, Durban na Walvis Bay. TAZARA nayo, iliyochoka kwa miaka mingi, mwaka 2025 iliingiwa mkataba na kampuni ya China wa kuifufua kwa dola za Marekani zaidi ya bilioni moja. Wenye mizigo wamejifunza somo la 1965. Watapita kwetu kwa muda tutakaokuwa waaminifu, wepesi na wenye amani, na si siku moja zaidi.

TAHADHARI KABLA YA ATHARI

Ndugu msomaji, huenda huna reli wala bomba. Una kibanda, au mgahawa, au nyumba ya watoto watano. Hata hivyo, tazama jikoni kwako. Gesi ya mtungi inaletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Usilivunje jiko la mkaa kwa sababu umenunua la gesi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa duka lako lote linategemea tajiri mmoja wa jumla, mtafute wa pili, nunua kwake kidogo kidogo hata kama bei yake imezidi shilingi chache, ili akujue kabla ya siku ya dhiki. Hizo shilingi chache si hasara. Ni nauli ya mlango wa pili.

Na kama wewe ndiye tajiri wa jumla, ambaye wadogo wengi wanakutegemea, basi jua kwamba umeshika ufunguo wa nyumba za watu. Siku mali itakapokuwa adimu, usifiche gunia ukingoje bei ipande juu ya njaa yao. Watakumbuka.

Kila mali ina bei mbili. Moja unaambiwa dukani, na nyingine unaambiwa siku ambayo mali haikuja. Wenye busara huiuliza hiyo ya pili mapema, ikiwa bado yalipika kwa fedha. Waliochelewa kuiuliza, au walionyimwa nafasi ya kuiuliza, waliilipa kwa miaka kumi ya jasho na kwa safu zile za makaburi.